Nilichelewa Kumwita Chebet

Alhamisi. Nakuru imeamka na manyunyu, mimi nimeamka na wivu. Manyunyu yalikwisha saa nne.

Hapa mtandaoni hakuna anayenijua, kwa hiyo niseme ukweli. Namwonea wivu Chebet. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu cha jicho, na sasa amerudi kutoka masomoni, wauguzi wanamwita "daktari wetu". Mimi niliyewatoa watu wa Subukia mtoto wa jicho kabla yeye hajamaliza shule, ni "daktari" tu. Najisemea mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maji yenyewe sijayaona bado.

Kabla ya matone ya kupanua mboni, Chebet humwambia kila mgonjwa atazame kushoto, kisha kulia, ili yeye aone kama lenzi ya jicho inatikisika. Nilimcheka kwamba anachelewesha foleni. Wagonjwa wangu hutiwa matone wakiwa bado kwenye benchi, na mboni ikishapanuka, mtikisiko huo ni vigumu kuuona.

Jana nilimpasua mzee aliyekuwa akichimba ule udongo mweupe wa Kariandusi. Jicho moja lilishakufa. Hili lililobaki liliwahi kupigwa na mpini wa sururu. Nilipoanza tu, lenzi ikayumba. Nyuzi zinazoishikilia zilikuwa zimekatika upande mmoja, na ningekosea kidogo ingezama ndani ya jicho.

Kuna pete ndogo ya kutegemeza kifuko cha lenzi. Sijawahi kuiweka. Chebet anaijua, na alikuwa chumba cha pili.

Sikumwita.

Nilijiambia nitaweza. Muuguzi alinitazama mara mbili. Mwishowe nikasema, "Niitieni Chebet." Akaja, akaiingiza pete polepole huku akimwambia mzee, "Tulia hivyo tu, mzee, usisonge." Nami nimesimama kando, kwa pumzi moja, nilitamani mkono wake utetemeke. Jicho la pekee la mtu! Niliona haya hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshatamani.

Leo asubuhi nilimfungua mzee bandeji. Akahesabu vidole vyangu vyote, akacheka.

"Daktari, jana nilikuwa naskia kila kitu. Ni wewe ulisema huyo msichana aitwe?"

"Ndio, mzee."

"Asante sana. Mwingine angeona aibu, aniharibie jicho."

Akanishika kwa mikono yote miwili, nikamwacha anishukuru. Chini ya ile shuka ya upasuaji iliyomfunika uso alisikia nilipoita. Muda niliokaa kimya hakuusikia.

Kesho nitamwomba Chebet anifundishe kuweka pete, wauguzi wakiwepo. Je, mdomo utafunguka?