Filamu ya Nice na Ukuta wa Nyumba Yetu

Moshono, Arusha
Jumapili, 20 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Agnela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ndesanjo na mwanangu Princess. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema baridi ya Kanada imeingia mpaka kwenye mfupa, halafu simu ikakatika kabla sijakupa pole vizuri. Pole sana dada.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi ya Julai imetushika. Asubuhi ukungu unashuka mpaka barabarani, na watoto wa shule wanapita wamejitanda mitandio ya mama zao. Mama yuko Kibosho, presha yake imetulia, na bado anagombana na kila anayemgusia habari ya kuacha kulima.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Padre Lerionka anakuja huko masomoni, akaniuliza kama nina mzigo wa kukuletea. Nikamwambia ninao, ni karatasi tu. Dada, kuna mambo ambayo kila nikitaka kukuambia kwenye simu najikuta nakuuliza kama theluji imeanguka. Na kwenye lile kundi letu la familia ndiyo kabisa. Ukiandika jambo zito mtu anakujibu kwa picha ya maua.

Ni habari ya binti yangu Nice. Alimaliza chuo Dar mwaka jana, yale masomo yake ya filamu ambayo wote tulikuwa hatuyaelewi. Machi alikuja na wenzake watatu na kamera ya kuazima, akaomba watumie nyumba yetu. Baba Hans alikubali haraka. Unamjua shemeji yako Frederick na nyumba hii. Alipaka geti rangi upya, akawaonyesha wale vijana upande gani wa nyumba unapendeza zaidi kwenye picha. Mimi niliwapikia tu. Aliyeigiza mama ni Simaloi, yule binti mrefu wa mwalimu jirani yetu. Walimtia mvi za kuchora, wakamvika gauni langu la kitenge, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilimuuliza Nice hadithi inahusu nini. Akasema, "Familia, mama. Familia ya kawaida tu."

Kabla sijaendelea, dada, nina jambo la kukuomba msamaha. Nilikuambia Hans alipata kazi Mwanza. Si kweli. Hans yuko Kikatiti, hata saa moja haifiki kutoka hapa kwa gari, na kwa miaka mitano hajaingia nyumbani kwetu.

Aliacha chuo cha uhasibu akiwa mwaka wa pili, akasema anataka kulima. Alilisema mezani, tukiwa tunakula, mimi na Nice tukisikia. Baba yake hakupaza hata sauti. Alisema, "Nilitoka shamba ili watoto wangu wasirudi shamba. Ukitoka kwa geti lile kwenda kulima, usirudi." Hans akanawa mikono, akatoka. Mimi sikusema neno. Nilichukua sahani yake nikaipeleka jikoni, nikaiosha. Hilo ndilo nililofanya siku mwanangu anafukuzwa, niliosha sahani.

Tangu siku ile jina lake likawa halitajwi. Frederick alitoa picha zake ukutani. Mwaka uliofuata aliongeza ukuta wa uani mistari sita ya tofali, akasema ni kwa sababu ya wezi, na tangu hapo nikiwa jikoni siuoni tena mlima Meru. Tulikula vizuri, tulisali, jumuiya ya kanisa ilikuja kwetu kwa zamu yetu. Watu wakitoka wanasema, mama Hans, nyumba yako ina amani. Nami naitikia.

Lakini kila Jumatano, nikitoka kazini pale zahanati, nilikuwa napitia soko la Tengeru. Hans anauza karoti na nyanya. Nasimama mbele yake kama mteja, ananichagulia, tunaulizana hali, anafunga mfuko, naondoka. Dakika tano. Nikifika nyumbani nazima gari uani, nabaki humo mpaka uso wangu urudi mahali pake. Halafu naingia nikiwa mama wa nyumba. Niliamini hakuna mtu duniani anayejua hilo.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi ya tarehe 28 Juni, kwenye ukumbi mmoja huko Ngarenaro. Frederick alivaa suti. Alialika wenzake wa kazini na nusu ya jumuiya, waje waone nyumba.

Dada, nilitamani ungekuwa umekaa karibu yangu. Kwenye filamu ile hakuna aliyepigwa, hakuna mlevi, hakuna mchawi. Ni watu watatu wanaoishi kwenye nyumba nzuri. Meza ina viti vinne, na kila jioni baba anapita anakinyoosha kile cha nne ambacho hakikaliwi, kikae sawa na vingine. Mama anarudi na mfuko wa karoti. Friji limejaa karoti, za chini zimeshaanza kuoza, na anaweka nyingine juu. Hakuna anayemuuliza za nini. Mwanzoni ukumbi mzima ulicheka na karoti zile. Baadaye wakaacha.

Halafu gari likaingia uani, gari letu hili hili. Likazimwa. Simaloi akabaki amekaa, mikono juu ya usukani. Kamera haikumsogelea, ilikuwa juu, mbali kidogo, kama mtu anayechungulia. Alikaa pale muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Akafuta macho kwa upindo wa gauni langu, akajitazama kwenye kioo, akajaribu kutabasamu mara mbili, akashuka. Nilitaka kumtazama Frederick, shingo ikakataa kugeuka.

Mwisho wa filamu yule mama anapandisha gauni, anapanda ngazi ya mnara wa tangi la maji, anasimama juu kupita ukuta wa nyumba yake. Na pale, kwa mara ya kwanza, mlima unaonekana, wote, bila hata wingu. Anauangalia tu. Ikaisha hapo.

Taa zikawashwa. Mzee mmoja aliyeitwa Lesikar, baba wa kijana aliyeshika kamera, alisimama na shuka lake na fimbo yake. Akauliza kwa upole kabisa, "Binti yangu, mimi nimekuja kutoka Monduli na sijaelewa. Nyumba ina kila kitu. Huyu mama analia nini?"

Nice alikuwa mbele ameshika kipaza sauti. Akasema, "Mzee, mimi pia nilitaka kumuuliza, nikashindwa. Ndiyo maana nikatengeneza filamu." Hakuangalia upande wetu.

Watu walipiga makofi. Wenzake Frederick wakampa mkono, wakamsifia geti.

Njiani Frederick aliendesha mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akaniuliza, "Zile karoti za kwenye friji letu. Ni za Hans?"

"Ni za Hans."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule."

Aliegesha gari, akaingia ndani na suti yake, akafunga mlango wa chumbani. Mimi sikushuka. Nikabaki mle garini. Nice, aliyerudi nyuma yetu na wenzake, akaja akafungua mlango wa pili, akakaa.

"Umenikasirikia, mama?"

Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Dirisha langu linatazama uani. Kabla sijaenda chuo, na kila likizo, nilikuwa nikisikia gari nazima taa ya chumbani, usijue kwamba nakuona. Nikiona umeingia ndani ndipo nawasha, naendelea kusoma."

Miaka mitano, dada. Mtoto alikaa gizani kila Jumatano aliyokuwa nyumbani ili mimi nilie kwa heshima. Nilimshika nikalia sauti yote niliyoibana.

Siku zile zilizofuata nilitoa picha zako zote ulizotuma. Ile ya nyumba mpya na theluji barazani. Ile ya Krismasi, nyote watatu mmevaa sweta nyekundu. Zamani nilizitazama nikiona jiko kubwa na zulia. Safari hii nilitazama macho yako. Sijui, labda nakosea, na kama nakosea unisamehe. Lakini kuna picha tatu ambazo shemeji Ndesanjo amesimama upande wa pili kabisa wa sofa, na wewe unatabasamu kama ninavyotabasamu mimi jumuiya ikija. Sikuulizi ili unijibu. Nakuambia tu kwamba nimeona, na kwamba hapa kuna mtu ambaye huna haja ya kumwonyesha nyumba.

Baba Hans alikaa wiki mbili akinijibu ndiyo na hapana. Nilijua ama nitarudishwa Kibosho ama nyumba itaendelea kuwa kama ilivyokuwa, na sikujua lipi ni baya zaidi. Jumamosi ya tarehe 12 alishusha kikombe cha chai, akasema, "Leo si ni soko Tengeru?" Nikasema ndiyo. "Vaa twende."

Alisimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akabaki ameegemea mlango. Alikataa kusogea. Ule umati wote unapita, wamama na mikungu yao ya ndizi, vijana na matoroli, na yeye amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Hans alikuwa anaosha karoti kwenye beseni. Akainua kichwa, akaniona mimi, halafu akaona nyuma yangu. Akasimama na maji yakimtiririka mikononi. Akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Wakatazamana. Frederick akaishika mikono ile iliyolowa, akaigeuza, akaangalia viganja. Akasema, "Hii ni mikono ya baba yangu." Aliing'ang'ania tu, na suruali yake ikilowa, na watu wakitupita wanatushangaa.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Baba yake alimwambia arudi nyumbani siku ile ile, Hans akajibu kwa adabu, "Bado, baba. Njoo wewe kwanza kwangu." Jana tulienda Kikatiti. Ana ekari moja na nusu ya kukodi, chumba kimoja cha bati, na kitanda alichokitengeneza mwenyewe. Frederick alitembea kwenye matuta na viatu vyake vya ofisini, akamkosoa mfereji wa maji, wakabishana juu ya mfereji karibu saa nzima, na mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisikiliza ubishi ule kama kwaya. Neno samahani hajalisema. Sijui kama atalisema. Mimi nililisema, kwa ajili ya ile sahani. Hans akaniambia, "Mama, ulikuja kila Jumatano."

Sasa dada, nimefika kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Kila ninapoenda Kibosho, tangu uondoke, Mama hukaa na mimi pale nje ya jiko, anamenya ndizi, na kabla hajamaliza ya kwanza ananiuliza, "Agnela anakuja lini?" Miaka kumi na moja. Nilikuwa nachoka na swali lile, nakiri. Mwezi uliopita nilienda, tukamenya ndizi zote, tukapika, tukala, nikaaga. Hakuuliza. Nilisimama pale kwenye migomba nikisubiri aniite aniulize, akawa anafagia tu. Niliogopa, dada, kuliko siku zote nilizowahi kuogopa presha yake.

Ninajua hukuja kumzika Baba, na ninajua unadhani watu wanakungoja kwa neno hilo. Hakuna anayekungoja kwa neno. Kama ni makaratasi ya uhamiaji, mwanasheria tutamtafuta. Kama ni nyumba yako huko ndiyo inayokuzuia, njoo hata mwenyewe. Mimi nilinyamaza siku moja na ikanigharimu miaka mitano. Sitaki kunyamaza tena, ndiyo maana nakuambia wazi. Njoo Mama angali anafagia.

Nice anakusalimu, anasema shangazi zake wote humuuliza ataolewa lini, ni wewe tu unayemuuliza anatengeneza nini. Hans anakuamkia. Baba Hans anakusalimu pia, na safari hii kweli amesema nikusalimie, sijamtungia. Msalimie shemeji Ndesanjo kwa heshima zote, na umbusu Princess kwenye paji la uso kwa niaba yetu sote.

Mungu akutazame huko ulipo, akuponye hilo goti, na akuonyeshe njia ya kupanda kwetu ukiwa na afya na moyo mwepesi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja,

Evaresta