Viatu vyako kwenye mlango wa mbele

Papa,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Maman: nilikwenda Japani nimevaa viatu vyako. Vile vyeusi vya kanisani. Niliweka gazeti kwenye ncha, nikavaa soksi mbili, na bado vilinipwaya.

Tangu tukuzike, nguo zako zimegawiwa ndugu, kama desturi yetu ilivyo. Viatu aliachiwa mdogo wako, Tonton Déo. Vilikuwa vinamsubiri tu aje kutoka mji wa Liège. Mimi sikuomba kitu. Unanijua, maneno yangu hubaki daftarini. Lakini nilitaka vitembee nami mara moja kabla havijaondoka.

Basi shule ikatupeleka kwa wanafunzi wenzetu wa Japani, na siku moja tukaenda kuona nyumba kubwa ya zamani. Aliijenga mfanyabiashara mmoja aliyenunua mashamba ya mpunga hadi jicho lisipofika, na humo ndani makarani wake waliyasimamia. Papa, ungeipenda. Nguzo nene, ghala za kuta nyeupe, harufu ya mbao. Mama mzee aliyetuongoza alisema wakulima waliingia kwa mlango wa pembeni, wakaishia kwenye sakafu ya udongo pamoja na magunia yao. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni wa heshima.

Nikamkumbuka Babu na mashamba ya chai kule Kivu. Ulizoea kusema, "Papa yangu alivuna majani ya chai maisha yote, lakini nyumba ya patron, ule mwenye mashamba, aliijua na mulango ya jikoni tu." Ulisema hivyo ukicheka.

Sisi tuliingizwa kwa mlango wa mbele. Nilipovua viatu, gazeti likachomoka. Julien wa darasani kwetu akanicheka: "Dis donc, hivyo ni viatu au mitumbwi?"

Yule mama hakucheka. Alipiga magoti, akarudisha gazeti ndani, akavigeuza viangalie nje. Kama wewe! Kila mgeni alipokuja kwetu huku ugenini, mtaani Saint-Gilles, uliinama kugeuza viatu vyake: "Bon, mugeni akishiba, asihangaike kutafuta njia."

Nilipofika kwenye mikeka ya ndani niligeuka kutazama. Viatu vyako, Papa. Kwenye mlango wa mbele wa mwenye mashamba, vimepangwa kwa heshima. Sikulia. Nilifurahi tu, furaha ambayo sikujua nimweleze nani, ndiyo maana nakuandikia.

Pumzika sasa. Nikipata nyumba yangu, wote wataingia kwa mlango mmoja, na viatu vyao nitavigeuza mimi mwenyewe.

Naongeza hili, Papa: Jumapili Tonton Déo alikuja kuchukua viatu. Yeye na Maman walipokuwa bado wanakula ugali na sombe, nilitoa gazeti, nikavipaka viatu rangi, nikaviweka mlangoni vikiangalia nje.