Mama Alimlilia Malkia wa Sinema

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo shemeji yangu anafunga virago na wanawe. Mimi ni fundi seremala, sikuwahi kutazama sinema ya Kihindi, nilijua ni kuimba na kukimbizana tu, lakini wiki iliyopita mama aliniita sebuleni nikae naye, ikawa filamu ya wafalme wa kale, saa tatu nzima, tembo wamepambwa kumshinda bibi harusi, vita vinasimama ili mfalme aimbe, nikacheka hadi mama akanifinya. Kisha mfalme akamtuma mdogo wake vitani na ngao anayojua ina ufa, mdogo mtu akafa, lawama akatwikwa mjane wake, malkia mdogo, eti alimuudhi mumewe asubuhi ile, akafukuzwa, na mfalme kimya, wanamwonyesha uso mara tatu nzima, nami kicheko kikanikauka.

Mshauri, swichi ya msumeno wa karakana ilikuwa inasumbua, nikaunga waya moja kwa moja, nikawa nauzima msumeno ukutani, siku nilipougua mdogo wangu akashika zamu yangu na sikumwambia, shati likanaswa, akabonyeza kitufe, mashine haikuzima. Tulimzika. Mama anasema kosa ni la mkewe, waligombana asubuhi, akaenda kazini na mawazo, ndiyo maana anamfukuza. Miezi minne nimenyamaza. Siku ile mama alimlilia malkia kwa kwikwi, akasema, "Maskini, mjane wa watu, kosa lake nini?" Shemeji alikuwa ameingia na chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Nikisema, mama atakuwa amepoteza watoto wawili. Nifanyeje?

Fundi

Fundi, pole kwa msiba, na pole yangu inaishia hapo. Umenieleza tembo walivyopambwa, hukunieleza kama ule waya umeutoa. Nani yuko kwenye mashine hiyo sasa hivi? Nenda ukaizime, umwambie msimamizi ulichofanya, hata akikupeleka polisi.

Ukitoka huko, usianze na mama. Mfuate shemeji yako jikoni, mweleze yote, swichi, waya, kitufe, bila kulia ili akubembeleze. Halafu mrudie mama, shemeji akiwepo, useme tena yaleyale. Unamhurumia mama kupoteza watoto wawili. Na wale wadogo waliopoteza baba, sasa wanapoteza na nyumba, huwaoni?

Usimwombe shemeji abaki. Akitaka kwenda, aende, lakini asitoke humo ndani akiamini ni yeye aliyemuua mumewe.