Maji ya Maganda ya Vitunguu na Mahamri ya Jalila

Mpendwa mshauri Bi Dhahabu, naomba msaada kabla sijarukwa na akili, mimi ni mume wa mtu hapa Likoni, na mke wangu Jalila hukaanga mahamri ya kuuza kila alfajiri, mtaa mzima hula isipokuwa mimi, kwa sababu daktari alisema insulini imezidi kwenye damu yangu, si kisukari bado ila ndiyo njia yake, akanipa vidonge na kuniambia nipunguze vitamu na unga mweupe na nitembee, lakini wallahi mimi si mjinga, nimesoma kwenye simu utafiti kwamba mimea ina kitu kiitwacho flavonoidi, kimejaa kwenye maganda ya vitunguu, nacho hushusha insulini, basi kila mara naenda soko la Kongowea kuokota maganda, wenye mikokoteni wanicheka, nayachemsha, nanywa jagi zima, vidonge nimeviweka kando, na baada ya jagi si nina haki ya mahamri yangu kwa mbaazi, lakini Jalila hataki kusikia, ikabidi niwe namtuma jirani yetu Gona akaninunulie kwa mke wangu mwenyewe, jana Jalila akagundua, na leo hakuwasha jiko kabisa, wateja wamebisha hodi wakarudi, naye amekaa uani analia, eti babake alianza hivi hivi mpaka akakatwa mguu. Nifanyeje apike?

Jafar, Likoni.

Kakangu Jafar, pole. Pole ya Jalila hiyo, nakuomba umfikishie.

Hongera kwa kusoma. Naona ulifika pale panapokupendeza, ukazima simu. Tafiti nyingi za namna hiyo hufanyiwa panya maabarani, na sijasikia panya aliyeteremsha dawa yake kwa mahamri ya tui. Kwa binadamu wataalamu bado wanachunguza. Na hilo la kuacha vidonge hawakulisema wao, ni utafiti wako mwenyewe wa jikoni. Sikio la kufa halisikii dawa, na lako umelijaza maganda.

Waniuliza vipi apike. Mwanamke amezima jiko linalomlisha, nawe hujajiuliza anaogopa nini! Alimwona babake akifikia kukatwa mguu. Imeniuma kusoma hayo, na wewe umeyaandika kama umbea wa jirani.

Basi sikiza. Leo hii rudi kwa daktari, umwambie umeacha vidonge, na jagi lako umtajie, maana mitishamba na dawa huweza kugombana mwilini. Atakalokwambia, fanya. Kitunguu ukile kwenye kachumbari kama watu wengine. Kisha umwombe mkeo radhi, na alfajiri uamke kabla yake, umwashie jiko, uyabebe hayo mahamri uwapelekee wateja nyumba kwa nyumba. Ndiyo matembezi uliyoagizwa. Utanukia iliki mwili mzima na hutaonja hata moja. Gona akitaka, muuzie, umtazame akila, halafu urudi nyumbani kwa miguu yako yote miwili, Jalila akuone.