Kidonda cha Azuki

Kijiji cha Tsuzurao,
3 Septemba

Mdogo wangu mpenzi Itsue,

Natumaini joto hili lisilotaka kuondoka limekuacha salama huko Kobe, na kwamba magoti yako bado yanakubali ngazi za nyumba yako bila manung'uniko mengi. Huku milimani nyenze wameanza kupunguza kelele, mpunga umeinamisha vichwa, nami ni mzima, ingawa nimechoka kiasi kwamba barua hii nimeianza mara tatu. Mguu umepona. Habari za huo mguu nitazieleza mbele, kwa hiyo usitangulie kufurahi.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Tafadhali usikifungue kabla hujafika kwenye jina langu. Naijua tabia yako.

Unajua kwamba tangu nistaafu, kila likizo ya kiangazi mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa banda la sungura la shule. Walimu huenda makwao, watoto huenda kwa mababu zao, na sungura hawana wa kwenda kwake. Mwaka huu walikuwa wawili, madume, ndugu wa tumbo moja: Azuki, mwekundu kama kunde, na Kinako, wa rangi ya unga wa soya. Waliishi banda moja lakini ubao uliwatenganisha. Anayewahudumia siku zote ni Isogai, mtunza shule. Utamkumbuka: nilimfundisha darasa la sita, yule msichana wa kwa wachoma mkaa aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto. Sasa ana miaka sitini na mmoja, na bado akiniona husimama wima kama anasubiri kuitwa ubaoni.

Kabla ya siku za Bon, sikukuu yetu ya kuwapokea wafu, watoto walinijia. Shule yetu imebaki na watoto kumi na mmoja tu, na wote walikuja. Walisema kwamba siku hizo kila mtu hurudi kwao kukaa na nduguze, hata wafu hurudi, sasa kwa nini Azuki na Kinako wakae na ubao katikati? Msichana mdogo wa darasa la pili, Sumire, aliniambia, "Mwalimu, wanasikiana wakitafuna, lakini hawaonani." Itsue, nilisimamia shule miaka thelathini na minane na sikulainishwa na machozi ya mtoto yeyote, lakini sentensi ile ilikuwa kamili na imenyooka, nikaisifu mbele ya wenzake, kisha nikaung'oa ubao kwa mkono wangu. Isogai alikuwa kando na ufagio wake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba madume wakishakomaa hawapatani, hata wakiwa ndugu. Nilimjibu kwamba sote tungekuwa hivyo kama tusingefundishwa. Watoto wakacheka. Naye akacheka, kwa adabu.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Agosti nilikuta manyoya yametapakaa banda zima. Kinako alikuwa amechanika sikio. Azuki alikuwa na jeraha la meno mgongoni, refu kama kidole changu cha shahada, na kina chake sikutaka kukiangalia. Nzi walikuwa wamekwisha kufika.

Isogai alikuja mbio akiwa bado na aproni ya jikoni. Daktari wa mifugo yuko mjini, mwendo wa saa moja na nusu, na alikuwa amefunga kliniki kwa ajili ya Bon, lakini Isogai alimpata kwa simu nyumbani kwa wakwe zake. Maneno ya daktari aliyaandika yote kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa banda. Kata manyoya yanayozunguka jeraha, yasiingie ndani. Osha asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, yakiwa na chumvi kidogo. Usitie spiriti wala marhamu ya watu. Usifunge bendeji, meno huacha uchafu ndani na lazima utoke. Ondoa majani makavu, tandika taulo jeupe na ulibadilishe kila likichafuka. Funika banda kwa chandarua, maana nzi wakitaga, funza watatoka kabla ya kesho. Angalia kama anakula na kama anapata choo. Na mwisho kabisa: asipewe dawa yoyote ya kumeza mpaka nije.

Akafanya hivyo vyote. Nilimwona akimfunga Azuki katika taulo, kichwa tu kikibaki nje, akimimina maji polepole kwa bomba la sindano lisilo na sindano, huku akimsemesha kama mtu anayemwogesha mkwe mzee: "Vumilia, bwana mkubwa, umepigana mwenyewe hujatumwa." Kinako naye aliambiwa asijifanye malaika. Siku ya pili ukingo wa jeraha ulikuwa mwekundu na kulikuwa na usaha kidogo. Isogai alisema usaha utoke, ndivyo tunavyotaka. Siku ya tatu usaha ulikuwa umepungua na nyama changa ya waridi imeanza kuonekana chini. Lakini siku hiyohiyo Azuki aliacha kula.

Daktari alifika tarehe kumi na saba. Alilichunguza jeraha akasema limeoshwa vizuri kuliko wanavyoosha baadhi ya wanafunzi wake. Kisha akamgusa tumbo. Masikio yalikuwa ya baridi, choo kilikuwa cha maji, naye alikuwa akisaga meno, jambo ambalo sungura hulifanya akiwa katika maumivu. Aliwachoma sindano wote wawili. Azuki alikufa asubuhi iliyofuata, juu ya taulo safi. Daktari alisema kwenye simu kwamba pengine sumu ya kidonda ilikuwa imeshaingia katika damu.

Tarehe ishirini na moja watoto waliitwa shuleni kwa siku moja, kama ilivyo desturi katikati ya likizo. Mwalimu Mkuu Nabatame, kijana mwangalifu, alitaka waelezwe. Isogai alitoka mbele, akapiga magoti ili awe kimo kimoja nao, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, akasema kwamba hakumhudumia Azuki ipasavyo na anaomba radhi. Wadogo walilia. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisema huku anavaa viatu, bila kupunguza sauti, "Sasa sungura ni figili, mpaka umtie chumvi?" Wengine wakacheka. Neno hilo lilikwenda kijiji kizima. Hata dukani, Isogai akinunua chumvi, waliuliza ni ya kachumbari au ya tiba.

Nabatame akaamua kwamba shule haitafuga tena. Kinako angepelekwa kwa mkulima mmoja bondeni mwanzo wa muhula, na sote tunajua mkulima yule hafugi sungura kwa kuwatazama. Isogai aliomba amhudumie mpaka sikio lipone. Akaambiwa, kwa heshima zote, kwamba ni bora asiguse.

Sasa nifike kwenye mguu.

Mwezi wa sita nilikanyaga kisiki cha mwanzi. Daktari alinipa vidonge vya kuua vijidudu, vya siku saba, na wewe ulinipigia simu ukasema nivimalize vyote hata nikijiona nimepona. Nilikujibu kwamba nimevimaliza. Sivyo. Nilimeza vya siku tatu, na vilivyobaki niliviweka katika kopo la mama, pamoja na vile vyote ambavyo katika nyumba yetu havijawahi kutupwa, maana mama alitufundisha kwamba kutupa dawa ni kumtukana aliyeitengeneza.

Jioni ile ya tarehe kumi na nne, Isogai alipokwenda kufua mataulo, nilisaga nusu ya kidonge nikakichanganya na ndizi. Azuki alikula kwa hamu. Nikampa tena tarehe kumi na tano, asubuhi na jioni, na tena asubuhi ya kumi na sita. Niliona maji ya chumvi ni mambo ya mabibi, na kwamba kosa la kung'oa ubao lilikuwa langu, na watoto wasirudi wakute kosa langu bado lina usaha. Daktari alipouliza kama mnyama amepewa dawa ya kumeza, Isogai alijibu hapana, kwa sababu hakujua. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nikifukuza nzi. Sikusema kitu. Baadaye nilisoma katika kitabu cha maktaba ya mji, nikiwa nimesimama kati ya rafu, kwamba dawa ile ikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia kusaga majani, na kwamba hufa ndani ya siku chache, kwa maumivu. Kidonda kilikuwa kinapona, Itsue. Isogai alikuwa amekiponya.

Na lipo jambo baya zaidi. Ile karatasi ya mlangoni niliisoma siku ileile ilipobandikwa. Nilitoa kalamu yangu nyekundu nikasahihisha makosa yake mawili ya maandishi, moja likiwa katika mstari wa mwisho, ule wa dawa ya kumeza. Nilisahihisha mstari kisha nikauvunja.

Tarehe thelathini na moja nilikwenda nyumbani kwa Isogai. Nilikaa kizingitini nikamweleza yote, bila kuacha hata saa. Alinimiminia chai ya shayiri. Akasema, "Najua, Mwalimu." Siku ile ya kifo alikuwa ameosha kibakuli akaona unga mweupe umeganda kwenye mabaki ya ndizi, na pale mla ndizi ni mimi tu. Nikamuuliza kwa nini, basi, aliinama mbele ya watoto wale. Alinishangaa kama niliyeuliza swali la darasa la kwanza. "Nani amsahihishe Mwalimu mbele ya wanafunzi?" akasema. Kisha akanikaribisha tikiti maji.

Sikuweza kulila.

Juzi, muhula ulipofunguliwa, niliomba dakika tano. Nilisimama mbele ya watoto kumi na mmoja, na Nabatame, na mama yule wa figili, nikasema niliyokuandikia hapa. Nikapiga magoti nikainama. Kunyanyuka kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, na aliyekuja kunishika kwapa ni Isogai. Sumire akauliza kama basi Bibi Isogai hakukosea. Nikasema hakukosea hata kidogo. Akauliza, "Sasa mbona aliinama?" Nikamwambia sijui. Nadhani ni mara ya kwanza watoto wa kijiji hiki kulisikia hilo kutoka kwangu.

Kinako hatakwenda bondeni. Yuko chini ya Isogai, ubao umerudishwa, na mimi nimenyang'anywa ufunguo, kwa haki. Nimeruhusiwa kushika taulo. Jana wakati wa kuosha sikio Isogai aliniambia, "Mwalimu, unamshika kwa ncha za vidole, mkaze kidogo, si kitabu hicho." Hakusimama wima alipokuwa akisema.

Wasalimie shemeji na wajukuu, hasa yule anayependa wanyama, lakini hii usimsomee. Usinipigie simu kunigombeza. Niandikie, nami nitasoma mpaka mstari wa mwisho. Upunguze chumvi, unywe maji, na panapo majaaliwa tuonane majani yatakapogeuka rangi.

Ni mimi kaka yako,
Kuramitsu Tetsuo

Sasa fungua. Ni kopo la mama, pamoja na kila kidonge kilichokuwa ndani yake, vikiwemo vya siku zake za mwisho. Wewe ni muuguzi, unajua pa kuvipeleka. Vitupe vyote. Kopo lirudishe, likiwa tupu.