Mama Benie Wawili

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Kisangani, Mkoa wa Tshopo
Siku na saa: Jumatatu, 17 Machi 2025, saa mbili na nusu asubuhi
Anayeandika: Félicien Lokangu, OPJ (afisa wa upelelezi wa polisi)
Jina la shahidi: Alphonsine Bolamba (kwanza liliandikwa «Mama Aurélie», limefutwa kwa amri ya shahidi)
Umri: miaka 67 kwa kadi, mwenyewe anasema kadi imempunguzia miwili
Kazi: muuza samaki wa moshi, soko la Mangobo; zamani alifanya biashara ya mtoni
Makazi: Mangobo, Kisangani

Papa Félicien, futa hapo juu. Umeniuliza jina, na kabla sijafungua kinywa umekwisha kuandika Mama Aurélie, kwa sababu ndivyo alivyoniita mama anayeuza mikate pale mlangoni. Unafikiri umeniheshimu. Hujaniheshimu, umenipoteza. Andika Alphonsine Bolamba. Tena usiandike kwa Kifaransa halafu unisomee mambo mengine. Andika kwa Kiswahili, unisomee, nisikie kama maneno yangu yamekaa namna nilivyoyasema. Shule niliiacha mwaka wa tatu, lakini masikio sikuyaacha huko.

Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu, Aurélie Lifoli Bosenge, miaka 34. Jumanne iliyopita alipanda masuwa inayoitwa Kimia. Kimia ilizama. Kwenye liste ya abiria imeandikwa kwamba amepatikana. Hajapatikana. Hilo ndilo neno langu. Mengine yote ni njia ya kufika hapo, na utayaandika yote.

Bon. Mambo ya masuwa mimi nayajua. Nimesafiri mtoni miaka arobaini, kutoka hapa mpaka Lisala, mpaka Mbandaka, na Kinshasa mara mbili. Nimelala juu ya barji za chuma, nimelala ndani ya baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye injini. Hata zile masuwa kubwa za zamani zenye vyumba nimezipanda, nikiwa msichana wa daraja la tatu. Chakula cha daraja la kwanza nilikijua vilevile, kwa sababu shangazi yangu alikuwa anaosha sahani huko. Ndiyo maana watu wa kwetu Mangobo, kabla ya kusafiri, wanakuja kwangu, bibi yao, kuuliza, koko, tupande ipi? Nashuka bandarini, naangalia, narudi na jibu. Sikuwahi kukosea. Andika hivyo, nitarudi hapo.

Mnamo tarehe 10 Machi, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilishuka bandarini pamoja na Aurélie. Alikuwa anakwenda Barumbu na chumvi, sabuni na vitambaa, arudi na samaki. Masuwa tatu zilikuwa zinapakia.

Ya kwanza ni Yolande. Hiyo ni barji mbili za chuma, zinasukumwa kutoka nyuma. Nimeipanda mara sita. Inakwenda kama mwanamke wa mimba ya miezi tisa. Pale baleinière inapofika kwa siku mbili, Yolande inataka nne. Mbuzi, nguruwe, makaa na watoto wote wako juu ya bati moja, na bati linachemka chini ya miguu. Choo chake ni kibanda nyuma kabisa, kimetobolewa chini, na mlango haufungi, unaushika kwa mkono. Safari ya mwisho mlango ule ulinitoka mkononi mbele ya kwaya nzima iliyokuwa inakwenda Basoko. Walipandisha wimbo ili nisione aibu. Tangu siku ile niliapa kwamba sitaipanda tena, wala mtoto wangu.

Ya pili ni Bon Berger. Ya mbao, inakimbia. Kapiteni wake anakuwa amekwisha kunywa pombe ya lotoko kabla ya kufika Yanonge, na muziki unapigwa kiasi kwamba mtu wa mbele, anayepima kina kwa ufito, anapiga kelele na hakuna anayemsikia. Hiyo niliikataa kabla sijakanyaga ubao wake.

Ya tatu ni Kimia ya papa Nephtali. Mbao mpya, rangi ya buluu na nyeupe. Viti vina namba. Turubai halina tundu. Jiko liko mbele, mbali na mapipa ya mafuta, na mama mpishi ana kucha safi, nilimwomba anionyeshe. Wali na pondu mara mbili kwa siku. Na choo, papa, choo cha kweli, chenye kitasa ndani na ndoo ya maji. Nilikifunga, nikafungua, nikafunga tena. Juu ya vichwa vya abiria kulikuwa na gile za kuvaa, za kuokoa watu majini, mpya, zingali ndani ya plastiki, zimefungwa kamba pamoja kama mzigo wa mihogo ili zisichafuke. Nikamwambia Aurélie, angalia, huyu mwenye masuwa ni mtu msafi.

Niliziangalia kwa macho haya. Niliona plastiki, sikuona kamba.

Aurélie alisema yeye angependa Yolande. Alisema chuma ni chuma. Nikamuuliza, wewe umeanza kupanda masuwa lini? Akacheka, akaniachia nichague. Donc ni mimi niliyechagua. Nilichagua kwa sababu ya choo. Andika.

Tarehe 11 Machi, Jumanne, saa mbili asubuhi, Eddy, karani wa Kimia, alikaa na daftari lake kwenye ubao wa kupandia. Ni mwanaume mzima, ana ndevu na watoto. Tulipofika akauliza: «Koko, jina kamili ya huyu mama?»

Aurélie alifungua kinywa. Mimi nikamtangulia. Sisi watu wa mto mwanamke aliyezaa tunamwita kwa jina la mtoto wake, hatumtaji jina lake la utotoni mbele za watu kama mtu anayeita kuku. Nikamwambia Eddy:

«Jina nililompa mutoto wangu, wewe utafanya nalo nini? Ulimuogesha? Andika Mama Benie.»

Watu kwenye mstari walicheka. Eddy akasema pardon, koko, akaandika Mama Benie. Aurélie alinibana mkono, akaniambia polepole nimwache aandikishe jina, ni karatasi tu. Nikasema karatasi nayo ijifunze adabu. Jibu lile nilijivunia njia nzima mpaka nyumbani.

Saa tatu na nusu Kimia iliondoka. Aurélie alikaa kiti namba kumi na tisa, upande wa kushoto. Kichwani alifunga kitambaa cha rangi ya machungwa. Nilikuwa nimemshika mkono mjukuu wangu Benie, miaka mitano, na tulimpungia mpaka masuwa ikawa ndogo.

Alhamisi tarehe 13, saa saba mchana, habari ilinikuta sokoni. Kimia iligonga mti uliolala chini ya maji, Jumatano kama saa nne asubuhi, baada ya Isangi, kabla ya kufika Barumbu. Ilipasuka, ikalala ubavu. Mimi nilikuwa namfungia mteja samaki. Nilimaliza kumfungia. Nilimfungia vizuri, hata majani niliongeza. Sijui kwa nini.

Jumamosi tarehe 15, saa tatu asubuhi, papa Nephtali aliita familia zote bandarini. Eddy, ambaye alitoka majini na mkono uliovunjika, alisoma liste. Watu sitini na mbili. Hai hamsini na mmoja, maiti kumi na moja, hakuna aliyebaki. Alipofika hapo akasoma: «Mama Benie, iko muzima, walimurudisha jana.» Nilikaa chini kwenye mchanga na nguo yangu ya kanisa. Wanawake waliokuja kuchukua maiti wao ndio walioniinua, wakanipangusa. Papa Nephtali akatangaza kwamba, kwa kuwa wote wamejulikana, mitumbwi iliyokuwa inatafuta visiwani irudi. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Andika na hilo.

Nilikwenda nyumbani nikaweka maji ya kuoga motoni, nikapika lituma na samaki. Benie nilimvalisha gauni lake la njano. Saa nane hakuna mtu. Saa kumi nilichemsha maji mara ya pili. Benie akaniuliza, «Koko, mama anakuya na miguu?» Nikamgombeza anyamaze. Saa kumi na mbili nilimvua lile gauni, nikalikunja.

Jumapili tarehe 16, saa tano, baada ya misa, Eddy alinielekeza nyumba moja huko mtaa wa Kabondo ambako Mama Benie alipelekwa. Nilichukua pikipiki. Njiani nilikuwa natengeneza maneno ya kumgombeza Aurélie, kwamba unalalaje kwa watu siku mbili na mtoto wako anakungoja mlangoni. Nilibisha. Akafungua mama mwembamba, kichwa kimefungwa bandeji. Nikauliza Mama Benie yuko wapi.

«Ni miye,» akasema.

Yale maneno ya kugombeza bado ninayo mdomoni. Sijui pa kuyaweka.

Mama huyo anaitwa Chancelle. Naye mtoto wake wa kwanza ni Benie. Alinikalisha, akanipa maji. Alisema yeye na Aurélie walijuana kabla ya Yanonge, mpishi alipoita Mama Benie aje achukue sahani, wakasimama wote wawili. Masuwa nzima ilicheka. Tangu hapo wakaitana ndoyi, kama tunavyowaita wenye jina moja. Ndoyi wako ni kama wewe mwenyewe. Chancelle aliomba abadilishiwe kiti ili wakae pamoja, wakala pondu kwenye sahani moja.

Kimia ilipolala, watu walizivuta zile gile na kamba haikukatika. Aurélie alipata bidon tupu ya njano, dumu la mafuta. Chancelle hajui kuogelea. Aurélie anajua, nilimfundisha mwenyewe pale Yanonge. Alimsukumia mwenzake bidon, akasema: «Ndoyi, kamata wewe.» Kisha akashika ubao wa kiti. Mara ya mwisho Chancelle alimwona yuko hai, kitambaa cha machungwa kichwani, mkondo unampeleka kwenye visiwa vya upande wa kulia, kule wavuvi wanakojenga kambi maji yakipungua. Chancelle alilia sana. Sikumgombeza. Bandeji yake ilikuwa imefungwa vibaya, nikaifungua, nikaifunga upya.

Siku hiyohiyo, saa tisa mchana, nilikuwa mbele ya papa Nephtali. Eddy alileta daftari. Lilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, halikulowa. Mimi kusoma si sana, lakini Mama Benie naijua, nilijifunza kuiandika kwa ajili ya mfuko wa shule wa mtoto. Iko mara mbili. Namba 19 na namba 40. Ile ya 19 imepigwa mstari. Eddy alisema alipokuwa ananakili liste aliona jina moja mara mbili, akafikiri amerudia, akafuta moja. Sitini na tatu wakawa sitini na mbili. Halafu akaniambia, akiangalia chini:

«Koko, ungetoa jina kamili…»

Hakumaliza. Watu wa Mangobo watakuambia kwamba mimi huwa sikosi jibu. Nililirudisha daftari ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Papa Nephtali alisema pole. Alisema pia kwamba liste imekwisha kupigwa muhuri, hawezi kumtafuta mtu ambaye hayumo, mitumbwi haitatoka bila karatasi ya polisi. Nikamwambia Chancelle amemwona. Akasema, mama, leta karatasi. Basi ndiyo hii tunayoandika. Mimi mtumbwi sina, mikono yangu haiwezi tena kupiga kasia, na leo ni siku ya sita tangu Jumatano. Jana nikirudi, jirani alinisimamisha njiani kuniuliza, kati ya Yolande na Bon Berger, ipi bora. Nikamwambia aende kwa miguu.

Niliyoyaona nimeyasema, na ya Chancelle nimeyarudisha kama alivyonipa. Anakubali kuja hapa kuyasema mwenyewe. Langu limeishia hapo, sasa linaanza lako. Mrudishe kwenye liste, namba 19, jina lote: Aurélie Lifoli Bosenge, hajapatikana. Piga simu Barumbu. Mitumbwi itoke leo, ipite kisiwa kwa kisiwa upande wa kulia, iulize kila kambi. Na wale watakaopita wakiita, waite Aurélie. Wasiite Mama Benie. Kwa jina hilo mwenzake amekwisha kuitika.

Alama ya kidole gumba cha kulia: Alphonsine Bolamba

MAANDISHI YA AFISA

Maelezo haya nimemsomea shahidi kwa Kiswahili, yote, saa nne na robo asubuhi. Ameyakubali isipokuwa neno moja: mahali pamoja nilikuwa nimeandika «marehemu». Limefutwa, naye ameangalia nikilifuta. Jina la Aurélie Lifoli Bosenge limeingizwa leo kama mtu anayetafutwa.

Saa nne na nusu nimepiga simu Barumbu. Network hakuna. Nimemwomba shahidi akangoje nyumbani. Amekataa, amekaa kwenye benchi mbele ya meza yangu.

Félicien Lokangu, OPJ

Neno la shahidi, limeongezwa chini ya sahihi yangu kwa amri yake: Piga tena.