Nilimsomea Dada Yangu Unabii wa Uongo

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, nyuma ya karatasi za kuagizia meno, kwa sababu nikiandika nyumbani dada atasikia kalamu inavyokwenda na atauliza naandika nini, na mimi siku hizi dada akiniuliza swali lolote, hata la chumvi iko wapi, natamani kutoroka. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana mwanzo wa jambo hili unachekesha na hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa meno bandia, nashinda chumba cha nyuma cha kliniki na plasta na nta, nachonga meno ya watu wasionijua. Naishi na dada yangu mkubwa, mjane, aliyekuwa msomaji prufu kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita, yaani kazi yake ilikuwa kukamata makosa kabla kitabu hakijachapwa, na alikuwa anakamata koma iliyokaa vibaya kwenye ukurasa ambao wenzake watatu wameshaupitisha, mpaka presha ya macho ikamchukulia macho yote mawili miaka mitano iliyopita. Tangu hapo mimi ndiye macho yake. Namsomea barua za kliniki, maelezo ya dawa, ujumbe wa binti yake ambaye ni muuguzi mji wa mbali, na kila Jumamosi na Jumapili alasiri namsomea riwaya.

Riwaya yenyewe inaitwa Ufalme wa Milango Tisa, vitabu sita vinene kama matofali, na cha saba ambacho ndicho cha mwisho kinatoka mwezi ujao. Kitabu cha kwanza kina unabii, kwamba atakayefungua mlango wa tisa amelala chini ya paa la mfalme bila kuitwa kwa jina, na mkono wake una alama ya moto. Watu wamegombana miaka juu ya maneno hayo. Tuna kundi letu kwenye simu, Walinzi wa Mlango, watu zaidi ya mia mbili, na kazi yetu ni kubishana, nani alitia sumu kikombe cha malkia, na kwa nini mbwa wa mfalme anayembwekea kila mtu alinyamaza siku hiyo. Mimi humo naitwa Profesa. Nadharia yangu ilikuwa kwamba anayetajwa ni Mfua Chuma, maana analala kwenye karakana ya ikulu, kila mtu anamwita Mfua Chuma tu, na mikono yake imejaa majeraha ya moto, na nilikuwa nimeitetea nadharia hiyo miaka minne kwa ushahidi wa kurasa na mistari mpaka kichwa kikavimba.

Dada alisema tangu mwanzo kwamba ni Yaya, mlezi wa ikulu ambaye naye hatajwi kwa jina. Nilimcheka. Akasema, "Kitabu cha pili Yaya alimwagikiwa maziwa ya moto mkononi. Nusu mstari, na hakuna aliyempa pole. Mwandishi hapotezi wino kwa maziwa ya bure, mdogo wangu. Na yule mbwa alinyamaza kwa sababu Yaya ndiye anayemlisha." Nikamwambia hayo ni mawazo ya jikoni.

Sasa Shangazi, kilipotoka kitabu cha sita tulikubaliana kwenye kundi kwamba aliyemaliza anyamaze siku arobaini asiwaharibie wengine, na mimi nilikuwa nimemwahidi dada sitatangulia hata ukurasa mmoja, na ahadi hiyo niliitimiza, kwa hiyo tulipofika sura ya thelathini na moja sikujua kinachokuja. Anayesoma kwa sauti jicho lake hutangulia mdomo kama mistari miwili. Nikauona mstari wenyewe. Ulikuwa umeandikwa: "Yaya akaweka kiganja ukutani, na mlango wa tisa ukaguna." Mdomo wangu ukasema: "Mfua Chuma akaweka kiganja ukutani."

Sikupanga. Nakuapia sikupanga. Dada akapiga makofi. "Haya, umenishinda. Miaka minne! Lete mkono, Profesa." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, amefurahi kwa ajili yangu, Shangazi, amefurahi kweli, na mimi nikaona haya usoni mpaka masikio yakapata moto, na badala ya kusema "nimekosea kusoma" nikafungua ukurasa unaofuata.

Nilidhani ni mstari mmoja tu. Zilikuwa zimebaki kurasa mia na thelathini na Yaya yumo karibu zote. Ikabidi kila palipo na Yaya niweke Mfua Chuma, na kila palipo na Mfua Chuma mwenyewe nimruke au nimfanye askari. Mahali Yaya anafungua kitambaa cha kichwani kumfunika mtoto wa mfalme, nikasoma Mfua Chuma akavua aproni ya ngozi. Dada akasema, "Kumfunika mtoto mchanga kwa aproni yenye masizi? Mwandishi huyu anaumwa." Yaya alipomwimbia mtoto wimbo wa kulala, uleule wa malkia, Mfua Chuma akaimba. Nilikuwa natokwa na jasho kana kwamba nabeba magunia.

Siku arobaini zilipokwisha wenzangu kwenye kundi wakanirarua, "Profesa, Mfua Chuma wako yuko wapi?", na mimi nikajitia hamnazo. Nikirudi nyumbani bado nilikuwa mshindi. Nasema ukweli, hilo lilinipa faraja, na ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Lakini dada hakuacha kufikiri. Alianza kusema, "Hayashikani. Kama ni Mfua Chuma, mbwa alinyamaza kwa nini? Na aliujulia wapi wimbo wa malkia?" Akaniomba nimsomee tena ukurasa wa mlango. Nikausoma kwa uongo uleule. Akaomba tena, nikausoma tena, na mara ya tatu sikujikwaa hata kidogo. Wiki tatu alikaa na jambo hilo. Halafu akaacha kukisia kabisa.

Wenzake wa zamani kiwandani bado humpigia simu, wanamsomea sentensi iliyowashinda, naye anawaambia pa kukata. Mwezi uliopita walipiga, nami nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia akiwaambia, "Mtafuteni mwingine. Mimi siku hizi naona kila kitu hakishikani, kumbe kinachoachia ni kichwa changu. Macho yalitangulia, sasa na akili inafuata." Aliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikasimama na sahani mkononi, maji yananichuruzikia miguuni, halafu nikairudisha kwenye beseni nikaendelea kuosha.

Juzi ameniomba nimchukulie miadi kwa daktari wa kumbukumbu. Nimemchukulia. Ni Alhamisi ya wiki ijayo. Na Jumapili ya baada yake mpwa wangu anakuja likizo, anamletea mama yake vitabu vyote sita vilivyorekodiwa kwa sauti, avisikilize upya kabla ya cha saba. Mpwa ananiambia kwenye simu, "Mjomba, sasa utapumzika." Maji yamenifika shingoni.

Nimefikiria kusema kwamba waliorekodi wametumia toleo jipya na mwandishi kabadilisha. Nimefikiria kumwomba mpwa asilete. Nimefikiria pia kuhama. Unisaidie Shangazi, nimwambie au ninyamaze? Dada huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilipokuwa mdogo alinisomea hadithi ya punda, punda akafa, nikalia nikamsihi aseme amepona, akakataa, akaniambia, "Leo nikikudanganya, kesho utajuaje kama nasoma au natunga?" Akijua nilichomfanyia hataniamini tena, na asiponiamini mimi, nani atamsomea?

Ni mimi, Profesa Mwenye Aibu.

*

Marahaba, Profesa.

Uliniomba nisicheke, nami nilijikaza mpaka kwenye aproni, hapo nikashindwa. Nilipofika kwenye miadi ya daktari nikaacha kucheka, na sijarudia.

Nianze na toleo jipya. Kaka, hujachoka tu kutunga? Umeshaharibu kitabu kimoja, sasa unataka kumsingizia mwandishi na waliorekodi. Liweke wazo hilo pamoja na lile la kuhama, uyatupe yote mawili.

Unasema hukupanga. Nakuamini. Ule mstari wa kwanza ulikuponyoka, na mtu aliyepigania jambo miaka minne anaweza kuponyokwa, mimi sikuhukumu kwa huo. Lakini ukurasa ule ulisomwa mara tatu kwa maombi ya mtu anayetafuta kosa lililo wapi, na kosa limeketi mbele yake linamsomea. Hapo hukuponyokwa. Na wala usiniletee habari za chumba cha nyuma na meno ya watu wasiokujua. Wengi wetu tunafanya kazi vyumba vya nyuma.

Sasa nisikilize vizuri. Dada yako hana tatizo unalomwacha aamini analo. Hana macho, hana karatasi, ana sauti yako tu, na bado alisikia kwamba mambo hayashikani! Aliligundua kosa kwa masikio. Alifanya kazi yake ileile ya miaka ishirini na sita, akalikamata, kisha akajilaumu mwenyewe, kwa sababu katika watu wote aliowashuku wewe hukuwemo. Alipendelea kuamini kwamba anarukwa na akili kuliko kuamini kwamba ndugu yake anamdanganya. Hilo likuume, maana linapaswa kukuuma.

Unaniuliza nani atamsomea. Mpwa wako ameshajibu, vitabu vinakuja vyenyewe. Unachoogopa si dada kukosa msomaji. Unaogopa wewe kukosa mtu wa kumsomea, na hofu hiyo ni ya haki kabisa, ila usimvishe yeye.

Usingoje Jumamosi, wala mpwa. Leo ukitoka kazini, osha plasta mikononi, keti kwenye kiti chako cha kusomea, kitabu cha sita kiwe mapajani. Usianze kwa kulia. Nawajua dada wakubwa. Ukilia atakubembeleza, na utasamehewa kabla hujataja kosa. Usianze na "dada, ukiniahidi hutakasirika." Sema hivi: "Kutoka sura ya thelathini na moja sikukusomea kilichoandikwa. Ni Yaya. Ulikuwa sahihi wewe. Hayakushikana kwa sababu niliyabadilisha mimi, mpaka mwisho wa kitabu." Kisha funga mdomo. Akitaka kugomba, agombe. Akitaka kukaa kimya siku mbili, mpikie, mwandalie, na wewe ukae kimya. Miadi ya daktari ni yake, akishajua ukweli ataamua mwenyewe aende au asiende.

Halafu zitoe barua zote za kliniki tangu macho yalipokwenda, na mpwa akija azisome upya mbele ya mama yake, moja baada ya nyingine. Sikuulizi kama kuna neno ulilobadilisha humo. Yeye atataka kujua, na ana haki ya kujua kwa mdomo wa mtu mwingine.

Wapigie wale wenzake wa kiwandani, uwaambie sababu aliyowakatalia ilitoka kwako. Na kwenye hilo kundi lenu andika kwamba miaka minne iliyopita kuna mwanamke asiyeona aliyewashinda wote, tena kwa nusu mstari wa maziwa, na mtu mmoja akayaita mawazo ya jikoni. Watakurarua tena. Vumilia, umezoea.

Vikija hivyo vilivyorekodiwa mwache asikilize, wala usijipitishe mlangoni kutafuta kuitwa. Pengine hatakuita tena. Pengine kitabu cha saba atakisikia kwa sauti ya mgeni, nawe utakuwa chumba cha pili unakisoma peke yako kimyakimya, na hilo utalibeba.

Lakini siku akikuita, nenda. Ataanza kukukatiza katikati ya sentensi akuulize, "Ndivyo ilivyoandikwa?" Atauliza kwenye riwaya, atauliza kwenye karatasi ya dawa, huenda akauliza mwaka mzima, kila ukurasa. Usinune, wala usivute pumzi kwa nguvu akakusikia. Mjibu "Ndiyo, dada," kila mara, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza.